Begi Lililofungwa Mapema

Jumatano ile nilikuwa nimeinamia jiko, nageuza chapati za wachimbaji wa duara letu, shimo la dhahabu pale Rwamgasa, nikasikia mtu wa winchi anapiga mluzi. Yeye hupiga mluzi kwa mambo mawili tu: mfuko wa mawe ukifika juu, au akiona kitu cha kuchekwa. Nikainua kichwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anashuka kwenye bodaboda, amepakata begi kubwa la magurudumu, lile alilonunuliwa na wanajumuiya wa kwao Bukombe alipopata nafasi ya chuo kikuu.

"Profesa!" mtu wa winchi akaita. "Umekuja kutufundisha kuvuta kamba?"

"Nimekuja kusalimia tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu anasalimia na begi zima?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini mdomo peke yake. Ilikuwa wiki ya sita tangu aanze chuo Mwanza. Hakuna mwanafunzi anayekuja kusalimia katikati ya wiki, katikati ya muhula, begi limejaa mpaka zipu imeachia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kula kwanza."

Alikula chapati nne. Alipomaliza akanawa, akaniomba jambo moja: niongee na msimamizi wa duara, jina lake liandikwe kwenye daftari, aanze kushuka kesho asubuhi kama zamani.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu. Nimepima pamba ya wakulima, nimeuza mitumba kwenye minada kutoka Kahama mpaka Katoro, nimefua mashuka ya nyumba ya wageni Bugarama. Kila nilipohama watu walisema shida imenifukuza. Mara nyingi haikuwa shida, ilikuwa hamu ya kujua wa kule mbele wanaishije. Nimewahi kumchelewesha mteja chai yake kwa sababu nilikuwa namuuliza jino lake la dhahabu limeshikwa na nini. Lakini siku hiyo, mbele ya kijana wangu mwenyewe, niliogopa kuuliza. Niliona nikiuliza atajibu, na akijibu litakuwa jambo la kweli. Basi nikaenda kwa msimamizi, akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaliandika jina. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Usiku huo sikulala vizuri.

Alhamisi asubuhi nikamkuta mdomoni mwa duara, tochi kichwani, mtalimbo mkononi. Shati alilovaa lilikuwa lile la siku ya usajili, alilolinunua mnadani na kulipiga pasi mara mbili. Mtu wa winchi alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mpishi, huyu mtoto ana uso wa mtu aliyefukuzwa mahali. Mimi simshushi mtu mwenye uso huo. Akili ikiwa kwingine, jiwe halikosei."

Nikajikaza. Nikaita, "Wewe, kabla hujashuka njoo unipasulie kuni."

Alikuja. Alipasua magogo mawili, la tatu likamshinda, shoka likanasa. Ndipo nikamuuliza kulikoni, na ndipo akasema.

Anasomea ualimu wa jiografia. Walipewa kazi ya kikundi, watu sita, waandike kuhusu uchimbaji mdogo na vyanzo vya maji. Mada hiyo ilikuwa kama ameandaliwa yeye. Tangu likizo za kidato cha tano alikuwa anashuka kwenye duara letu, na wakati wa kuosha mawe alikuwa anasimama kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, miguu ndani ya tope. Anajua maji yanakotoka, yanakopita, na yanavyobadilika rangi yakifika bondeni. Wenzake walimwambia, wewe andika, sisi hatujui lolote. Akaandika kwa mkono, kurasa kumi na saba. Ikabaki kuweka jalada na kupeleka, kazi hiyo akapewa yeye. Akaenda steshenari, akaandikisha kwenye jalada jina moja, la kwake.

"Na wenzako watano?"

"Hawakushuka, mama mdogo."

Alilisema jambo hilo bila ubishi wowote, kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. Nikamwelewa palepale, maana hata mimi nimekula kwa sheria hiyo. Kwenye duara letu, Jumamosi kabla ya kugawana mifuko ya mawe, msimamizi husimama na daftari akasoma majina. Ukiitwa unaitika, unapewa mfuko wako. Kama hukufanya kazi, husomwi. Nimemwona ndugu wa damu wa mwenye duara anasimama pale mpaka daftari linafungwa, jina lake halijatamkwa, akaondoka bila kugombana na mtu. Hakuna aliyemwonea. Kijana wangu alikua ndani ya haki ya namna hiyo, haki ya daftari, na akaibeba mpaka chuo kikuu kama alivyobeba lile begi.

Majibu yalipotoka, yeye alikuwa na alama na wale watano hawana. Kwenye kundi lao la simu pakawaka. Aliitoa simu mfukoni, akaiwasha ili anionyeshe. Mmoja ameandika: *Mchimbaji katufukia watano.* Mwingine: *Mgodi wa mtu mmoja, leseni anayo yeye.* Kisha kiongozi wa darasa akamwandikia peke yake, mstari mmoja: unaitwa ofisini kwa mkuu wa idara, Ijumaa saa nne.

"Halafu?"

"Nikafunga begi."

"Nani alikwambia umefukuzwa?"

"Mama mdogo, nimeitwa *ofisini*."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gogo. Yeye akanitazama kama nimepagawa. Lakini ndiyo mara ya kwanza tangu jana nilipoona njia ya kutoka.

Machimboni kwetu ipo ofisi, banda la mabati karibu na geti. Mtu haitwi pale kuulizwa jambo. Kama kuna la kuulizwa, utaulizwa palepale kwenye kamba ya winchi, mbele ya wenzako. Ukiitwa ofisini ni kuambiwa saa ya kuondoka. Kwa hiyo mwenye akili akishaitwa hufunga godoro lake kwanza, ndipo aende, ili akitoka asikae kufunga kamba huku watu wamemzunguka wanatazama. Mimi mwenyewe nimefunga godoro mara mbili kwenye machimbo mengine, na mara zote mbili nilikuwa sahihi.

Lakini mimi najua na ofisi za upande wa pili. Kabla ya Rwamgasa niliuza chai na maandazi mwaka mmoja na nusu karibu na lango la chuo kimoja Shinyanga. Nilipenda mahali pale kuliko pote nilipowahi kuishi. Wanafunzi waliacha karatasi mezani kwangu, nikazisoma kabla sijafungia maandazi. Kulikuwa na darasa moja lenye dirisha bovu lisilofunga, nami nilikuwa napeleka birika la chai ya walinzi kwa njia ndefu ili nipite pale. Hivyo ndivyo nilivyojua kwa nini udongo wa mbuga unapasuka kiangazi. Na hao wanafunzi waliitwa ofisini kila siku ya Mungu. Mmoja alikosea kuandika namba yake ya mtihani. Mwingine alitetemeka mezani kwangu asubuhi nzima, alipokwenda akakuta mwalimu anataka kumrudishia kitambulisho alichokidondosha. Wengine walikuwa na makosa kweli, wakagombezwa, wakarudi kunywa chai.

Nikamwambia, "Ofisi ya kule ina kiti cha mgeni. Umewahi kuona kiti cha mgeni kwenye lile banda?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Basi. Kule wanakuita ukae."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kijana alikuwa na ubishi wake chini kabisa. Akasema hata kama hawamfukuzi, atakwenda kuwaambia nini? Yeye yuko sahihi. Kazi aliifanya yeye. Akiwaandika wasiofanya atakuwa mwongo, na huko chuoni kila mtu anajua sheria zao, wamezaliwa nazo, yeye peke yake ndiye anayepapasa. Nikamuuliza mbona hakuuliza. Akanitazama kwa mshangao. Mgeni anayeuliza sana duarani, kamba inaishia wapi, mwamba wenye dhahabu unaelekea wapi, huyo ni mwizi au mpelelezi. Wiki sita alikaa kimya ili aonekane mtu mwaminifu.

Nikamwita kwa jina lake kamili. Nikamuuliza, "Mimi nimeshuka duarani mara ngapi?"

"Wanawake hamshuki hapa."

"Jumamosi nasomwa, sisomwi?"

Akakwangua gome la gogo kwa ukucha.

"Mtu wa winchi naye, anashuka?"

"Mimi nimefanyaje tena?" mtu wa winchi akauliza kutoka kule aliko.

"Nyamaza, tunakutolea mfano."

"Mfano mzuri au mbaya?"

Kijana alikuwa anatazama lile shoka lililonasa. Nikamuuliza zile kurasa kumi na saba za mkono zilifikaje kwa mwalimu. Akasema kuna dada mmoja kikundini ana kompyuta, alichapa siku tatu. Kiingereza alinyoosha nani? Kaka mmoja, maana yeye sentensi zake zilikuwa ndefu kama kamba ya winchi. Michoro ya bonde? Wawili walichora kwa kufuata alichowaeleza, wakaenda na kuichapisha kwa rangi.

"Aliyechapa ndiye nani hapa duarani?" nikauliza.

Aliinua macho kuelekea winchi. "Ndiye mtu wa winchi," akasema.

"Na wa michoro?"

"Matimba. Wanaoweka magogo duara lisianguke." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mama mdogo, niliwanyima mfuko watu wa juu, wasioshuka."

"Wanne. Wa tano je?"

"Wa tano alilala! Huyo hata kuni hakuleta!"

"Basi huyo mwachie mwalimu."

Alicheka. Hiki kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha pua. Akaling'oa shoka, akapasua gogo la tatu mara moja.

Mchana kutwa tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa mkuu wa idara, nimekalia ndoo. Ilikuwa kazi. Kwetu mtoto hamkazii macho mtu mzima, na akisemeshwa na mkubwa anajibu kwa ufupi, akiangalia chini. Hiyo ndiyo adabu, mama yake alimfundisha na mama yetu alitufundisha. Kila nikimuuliza "Eleza ilikuwaje," anasema "Nimekosa," halafu kimya, kichwa chini. Nikamwambia kule watadhani anaficha kitu. Akasema hawezi kunitazama machoni, ataonekana ananipandishia. Tukapatana atazame paji la uso. Alipotazama paji langu akaanza kucheka, eti nina unga.

Mara ya sita au ya saba akaweza. Salamu kwanza. Kisha ilivyokuwa, kuanzia mwanzo. Kisha alichokosea, kwa maneno yake. Mwisho aulize: nifanye nini sasa? Hilo la mwisho ndilo nililolitilia mkazo. Pale Shinyanga niliwaona wengi. Waliofika mwaka wa tatu hawakuwa wale wenye akili kupita wote, walikuwa wale waliokuwa wanarudi kuuliza.

Ijumaa tuliondoka alfajiri, bodaboda mbili mpaka Geita, moja ikibeba begi tu, kisha basi. Siku hizi hakuna kusubiri kivuko, basi linapita juu ya daraja, na mimi ambaye nimevuka maji yale mara nyingi nikiwa nimesimama nilishika dirisha kama mtoto. Yeye hakutazama ziwa. Midomo ilikuwa inacheza, anarudia maneno yake.

Saa tatu na nusu tulikuwa kwenye korido ya idara. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, lakini viatu vilikuwa na vumbi la Rwamgasa, lile jekundu lisilotoka. Nikavuta miguu chini ya benchi. Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki akanitazama viatu, kisha uso.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Tukasalimiana kwa Kisukuma. Nikamuuliza mkuu wa idara ni mtu wa namna gani. Akapunguza sauti: "Kelele nyingi. Lakini mwezi uliopita aligombana na watu wa bweni usiku wa mvua kwa ajili ya mwanafunzi mmoja aliyekosa kitanda."

Kabla sijamgeukia kijana, tukasikia miguu inakimbia. Msichana mfupi, mkoba wa kompyuta mgongoni, nyuma yake vijana wanne.

"Wewe!" akasema, kidole usoni kwa mtoto wangu. "Wewe ni mtu wa namna gani? Simu umezima, kitanda kitupu, begi hakuna! Tumekutafuta mpaka hospitali!"

"Hospitali?"

"Tulidhani umejidhuru, mjinga wewe! Mimi nimelia mbele ya matroni!" Ndipo akaniona. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Samahani."

"Marahaba. Endelea, mwanangu, mgombeze tu."

Mmoja wa vijana akasema, "Zile meseji zilikuwa utani, bwana. Mimi ndiye niliyeandika ya leseni. Nilidhani utajibu."

Baadaye nilikuja kugundua kwamba huyo ndiye wa tano, yule aliyelala.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa wote sita. Mimi nikabaki na benchi. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu. Kwanza ya mtu mzima, nzito. Nikashika rozari ndani ya mkoba. Halafu sauti ya kijana wangu ikaanza, ndogo, ikapotea, ikarudi. Ikaendelea. Ikaendelea zaidi ya mazoezi yetu yote. Nikahisi kwamba anawasimulia daftari, na kamba, na majina ya Jumamosi. Kisha wakacheka, wote kwa pamoja, na ile sauti nzito ikiwamo. Yule mama wa deki akanipa ishara ya kidole gumba kutoka mwisho wa korido.

Walitoka baada ya kama saa nzima. Mkuu wa idara alikuwa amegomba kweli, tena dakika kumi, kuhusu kutoweka bila taarifa. Kisha akamwuliza kila mmoja alifanya nini. Wa tano alisema alileta soda. Ndipo walipocheka. Ikaamuliwa jalada liandikwe upya, majina yote, na mbele ya kila jina kazi yake. Wa tano akapewa sehemu yake aiandike mpaka Jumatatu, kuhusu visima. Kijana wangu akakatwa alama chache kwa kutowashirikisha wenzake. Alizitaja alama hizo akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Nilikaa kwenye kiti, mama mdogo," akasema. "Kipo kweli."

"Na ulimtazama?"

"Paji la uso. Halafu nikasahau, nikamtazama tu."

Yule msichana alikuwa amelishika begi anataka kulivuta kuelekea bwenini, halivutiki. Akaligeuza. Magurudumu yote mawili yalikuwa yamejaa tope kavu la Rwamgasa, gumu kama tofali. "Hili begi nalo lilishuka duarani?" akauliza. Wa tano akachuchumaa, akatoa kalamu, akaanza kulichokonoa tope vipande vipande, akisema hiyo nayo iandikwe mbele ya jina lake. Niliwaacha pale wakibishana kama inahesabika. Kijana wangu alinisindikiza mpaka getini, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu", akarudi mbio kwa wenzake. Sikumtazama sana. Nilivuka barabara, nikanunua chungwa, nikalila lote nimesimama. Dada yangu nilimweleza miezi mingi baadaye, siku ambayo tayari lilikuwa jambo la kucheka.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimerudi kwenye jiko langu. Jioni msimamizi akasimama na daftari, watu wakakusanyika karibu na mifuko. Akasoma jina la mtu wa winchi, akaitika. Akasoma langu, nikaitika. Akalamba kidole, akageuza ukurasa, akasoma jina la mtoto wa dada yangu, kwa sababu nililiandikisha mwenyewe Jumatano na sikukumbuka kumwambia alifute.

Mtu wa winchi akanitazama.

Msimamizi akarudia, kwa sauti zaidi.

"Hayupo," nikasema. "Yuko shuleni."

Akapiga mstari, akaendelea na jina linalofuata.